Jiko la Makaa Ndani ya Linux: Historia ya Kitufe cha Kuchoma CD

Leo hakuna msimbo wa kuandika wala programu mpya ya kujaribu. Leo ni historia. Najua kuna watakaouliza, "CD? Siku hizi?" Naam, CD. Kaeni kitako, maana humu ndani kuna viendeshi vilivyokufa ghafla, kiini cha Linux kilichowafungia watu nje, na ugomvi wa leseni ambao wahusika hawakuwahi kupatana. Na mwishoni kuna jambo ambalo huenda likakufanya ufungue droo yako leo jioni.

Tuanze na majina, kwa sababu majina yenyewe yanachekesha. Programu ya kuchoma CD iliyojulikana sana kwenye GNOME inaitwa Brasero. Kwa Kihispania brasero ni chombo cha kuwekea makaa ya moto, yaani jiko la makaa! Kabla ya kubatizwa hivyo iliitwa Bonfire, moto mkubwa unaokokwa nje. Kulikuwa na X-CD-Roast, ambayo kazi yake ni kubanika. Kulikuwa na GnomeBaker, mwokaji. Na K3b ya KDE ni kifupi cha maneno yanayosema "choma, mtoto, choma". Sisi nasi tulisema "kuchoma CD". Dunia nzima ilikuwa jikoni.

Katika programu hizi zote kulikuwa na kitufe kimoja. Unaburuta faili zako, unabofya Choma, unaenda kunywa chai. Swali langu ni hili: kitufe hicho kilikuwa kimefunika nini?

CD ilipokuwa barabara

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili lilikuwa na uzito, hasa huku kwetu. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa Julai 2009, na TEAMS ikafuata mwaka huohuo ikitokea Fujairah. Kabla ya hapo pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya nyuzi za kioo baharini. Mtandao ulipitia setilaiti, na nyumbani ulipitia waya wa simu.

Piga hesabu. CD moja ya Linux ni megabaiti 700. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kasi yake yote bila kukatika hata mara moja, unahitaji zaidi ya saa 27. Na ilikuwa inakatika! Kwa hiyo Linux ilisafiri kwa mkono. Mmoja mwenye mtandao mzuri ofisini au chuoni alipakua, akachoma, akawapa wenzake, nao wakachomea wengine. Kuanzia Ubuntu ilipozaliwa Oktoba 2004, kampuni ya Canonical ilikuwa na huduma ya ShipIt iliyotuma CD kwa posta bure hadi nchi za mbali. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2011. Knoppix ya Klaus Knopper, iliyoanza mwaka 2000, ilionyesha kwamba CD moja inaweza kuwasha tarakilishi nzima bila kugusa diski kuu. Na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Nilipoingia chuoni kusomea sayansi ya kompyuta, kebo zilikuwa zimefika zamani na CD zilikuwa zimejaa vumbi kwenye kabati la maabara. Lakini nilipoanza kusoma msimbo wa programu hizi nilielewa kwamba kizazi kilichotutangulia hakikuwa na mchezo. Kunakili programu huru ni haki uliyopewa kwenye karatasi. Raita ya CD ndiyo iliyoifanya haki hiyo iwe kitu cha kushika mkononi.

Inachomwa kweli

Neno "kuchoma" si la utani. CD ya dukani hupigwa chapa kiwandani kama sarafu: vishimo vidogo kwenye plastiki. CD-R ni kitu kingine. Ndani yake kuna tabaka la rangi maalumu, na juu ya rangi kuna tabaka jembamba la metali linaloakisi mwanga. Miale ya leza inapoongezwa nguvu, rangi inaungua mahali hapo na haipitishi tena mwanga kama mwanzo. Kisomaji kinaona doa na kudhani ni kishimo. Madoa hayo yanafuata mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje, na ungeunyoosha ungepita kilomita 5.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mstari ni mmoja na diski inazunguka bila kusubiri. Leza ikikosa data hata kwa nusu sekunde, mstari unakatika na CD imeharibika. Kasi ya 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Kwa 16x unahitaji kilobaiti 2,400 kila sekunde, mfululizo, kwenye tarakilishi ambayo wakati huohuo inafungua barua pepe na kucheza muziki. Programu ya cdrecord ilitenga kumbukumbu ya megabaiti 4 kama tangi la akiba. Kwa kasi hiyo tangi linakauka kwa chini ya sekunde 2.

Ndiyo maana wazee wa kazi walikuwa wakisema usiguse kipanya CD inapochomwa. Haukuwa ushirikina! Nafuu ilikuja mwaka 2000, Sanyo ilipoleta teknolojia ya BURN-Proof: kiendeshi kinajua kusimama kikikosa data, kisha kinaendelea palepale kilipoachia. Lakini raita za zamani ziliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya hapo.

Amri mbili na watu wawili

Linux haikuanza na kitufe. Ilianza na amri mbili.

Ya kwanza ni mkisofs, iliyoandikwa na Eric Youngdale mwaka 1993. Kazi yake ni kupanga faili zako katika mfumo wa ISO 9660, kiwango cha mwaka 1988. Kiwango hicho katika ngazi yake ya chini kiliruhusu herufi 8 za jina na 3 za mwisho, kama DOS. Ili majina marefu na ruhusa za Unix zibaki kulikuwa na nyongeza ya Rock Ridge, na ili Windows ione majina marefu kulikuwa na Joliet ya Microsoft.

Ya pili ni cdrecord, ya Mjerumani Jörg Schilling, iliyotoka mwaka 1996. Hii ndiyo iliyozungumza na raita yenyewe. Na hapa lazima nimpe mtu haki yake. Miaka hiyo kila kiwanda kilikuwa na lahaja yake ya amri. Schilling alikusanya lahaja hizo, akazielewa, akaandika programu moja iliyofanya kazi kwenye Linux, Solaris na mifumo mingine mingi. Kwa takriban muongo mmoja, karibu kila CD iliyochomwa kwenye Linux ilipitia mikononi mwa programu yake.

Ukitaka kuchoma picha zako uliandika hivi:

mkisofs -r -J -o picha.iso ~/picha
cdrecord -scanbus
cdrecord -v dev=0,0,0 speed=8 picha.iso

Zile sufuri tatu ni anwani ya SCSI: basi, kifaa, na sehemu ya kifaa. "Lakini raita yangu ni ya IDE, si ya SCSI!" Ndiyo, na ndiyo maana kwenye kiini cha 2.4 ilibidi uongeze maneno kama hdc=ide-scsi kwenye kiwashi cha mfumo, ili kiini kijifanye kwamba raita yako ya bei nafuu ni ya SCSI. Sasa mwambie mwalimu wa shule ya msingi afanye hivyo ili ahifadhi mitihani yake.

Sura inapewa injini

Watu walioandika programu za dirisha walifanya uamuzi ambao naamini ndio kiini cha historia hii. Hawakuandika injini mpya. Walitengeneza sura tu, na nyuma ya sura waliziita amri zilezile.

X-CD-Roast ya Thomas Niederreiter ilikuwa miongoni mwa za kwanza, miaka ya mwisho ya 1990. Ilikuwa na vitufe vingi na ilikutaka ujue unachofanya, lakini ilikuondolea kuandika.

Kisha K3b. Sebastian Trüg aliianza mwaka 1998, na toleo la 1.0 lilitoka Machi 2007. Wengi waliosema "Linux haina programu nzuri" walinyamaza walipoiona K3b. Juu ni faili zako, chini ni mradi wa CD, na mwisho kabisa kuna mstari unaokuonyesha nafasi iliyobaki. Muziki, data, DVD, kunakili CD nzima, vyote pahali pamoja.

Kuna kitu kilichonifurahisha sana nilipochungulia chini ya boneti. Ule mstari wa kijani unaosogea wakati wa kuchoma ulitoka wapi? cdrecord ilipokuwa kazini ilichapisha maandishi kama haya:

Track 01: 23 of 650 MB written (fifo 100%) [buf 99%] 16.0x.

K3b ilikuwa inasoma sentensi hiyo kama wewe unavyoisoma. Inachukua 23, inagawanya kwa 650, inasogeza mstari. Basi! Hakuna uchawi. Programu moja inasikiliza nyingine ikizungumza, kisha inakutafsiria. Na kuchoma kukishindikana, K3b ilikupa dirisha lenye amri yote iliyotumwa na majibu yote yaliyorudi. Ungeweza kuinakili na kumtumia anayejua.

Kwangu huu ni uungwana wa programu. Inakuficha ugumu, lakini haikufungii mlango ukitaka kuuona.

Nani ana ruhusa ya kuamuru leza?

Tatizo lililokuwa gumu kuliko yote halikuwa sura. Lilikuwa ruhusa.

cdrecord ilihitaji kushikilia kumbukumbu yake isihamishiwe kwenye diski, na ilihitaji kupewa zamu ya kwanza na kiini ili lile tangi lisikauke. Mambo hayo mawili ni ya mtumiaji mkuu, root. Ndiyo maana K3b ilikuja na msaidizi wake, K3bSetup, wa kupanga ruhusa. Na ndiyo maana K3b ilipowashwa ilikuwa inakuonya kwamba cdrecord haina ruhusa za root.

Halafu kuna suala la amri zenyewe. Anayeweza kutuma amri kwa kiendeshi anaweza pia kukiua. Wasomaji wengine watakumbuka mkasa wa Mandrake 9.2, Oktoba 2003. Kiini chake kilikuwa kikituma amri ya kusafisha akiba ya kiendeshi, amri halali kwa raita. Baadhi ya viendeshi vya LG vya kusoma tu, visivyo raita, viliitafsiri amri hiyo kuwa "pokea programu mpya ya ndani". Watu waliweka Linux, na viendeshi vyao vikafa.

Basi Agosti 2004 kiini 2.6.8 kikaja na chujio. Kabla yake, mtu wa kawaida aliyeruhusiwa kufungua kifaa aliweza kutuma amri yoyote, hata ile ya kufuta programu ya ndani ya kiendeshi. Chujio likasema: zinapita zilizo kwenye orodha tu. Wazo zuri, lakini orodha ya kwanza ilikuwa fupi mno. Waliosasisha kiini waliamka na K3b isiyochoma. Hakuna kilichobadilika kwenye skrini, kitufe kiko palepale, lakini kazi haifanyiki. Orodha ilirekebishwa katika matoleo yaliyofuata.

Schilling alikasirika sana. Alikuwa tayari amevutana na watengenezaji wa kiini, Linus Torvalds akiwemo, kuhusu zile anwani za sufuri tatu. Kiini cha 2.6 kiliruhusu kuandika dev=/dev/hdc moja kwa moja, bila kujifanya SCSI. Torvalds aliona hiyo ndiyo njia ya kueleweka, lakini Schilling aliona ni kosa la usanifu. cdrecord ikaanza kuchapisha maonyo kwamba viini vipya vya Linux vina matatizo na kwamba ni afadhali ujaribu kiini cha zamani, au Solaris.

Fikiria ajabu yake: mtu aliyeiwezesha Linux kuchoma CD anakushauri uiache Linux ukitaka kuchoma vizuri.

Dirisha lisilo na mambo mengi

Upande wa GNOME walichukua njia yao. Kulikuwa na nautilus-cd-burner, ambayo haikuwa programu ya kufungua kabisa. Uliweka CD tupu, likafunguka folda lenye anwani burn:///, ukanakili faili ndani kama unavyonakili popote, kisha ukabofya kuandika. Kama unajua folda, unajua kuchoma.

Brasero ya Philippe Rouquier na Luis Medinas ikachukua nafasi katikati: rahisi kuliko K3b, kubwa kuliko folda. Iliingia Ubuntu 8.04 Aprili 2008, na mwaka 2009 ikawa sehemu ya GNOME 2.26. Jambo la kuzingatia ni kwamba Brasero ilijengwa kwa viungo vya kuchomeka. Injini inaweza kuwa cdrecord, au growisofs ya Andy Polyakov kwa DVD, au maktaba mpya ya libburn. Injini moja ikifa, unachomoa na kuweka nyingine. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyoonekana, kwa sababu injini kuu ilikuwa tayari imeingia matatani.

Ugomvi wa 2006

Twende polepole hapa, kwa sababu ndipo penye fundisho.

cdrecord na ndugu zake, kwa pamoja cdrtools, zilikuwa chini ya leseni ya GPL. Mwaka 2006 Schilling alihamisha sehemu za mkusanyiko huo, pamoja na mfumo wake wa kujengea programu, kwenye leseni ya CDDL. Hiyo ni leseni iliyotoka Sun Microsystems, ile iliyotumiwa na OpenSolaris.

CDDL nayo ni leseni huru. Shida ni mchanganyiko. GPL inasema ukisambaza programu, lazima utoe pia maandiko yanayoongoza ujenzi wake, yote chini ya masharti yaleyale. CDDL ina masharti yake yasiyolingana na hayo. Watu wa Debian wakasema: tukisambaza cdrtools mpya tunavunja leseni. Schilling akasema: mfumo wa kujengea ni kazi nyingine kabisa, hamjaelewa sheria. Waliandikiana kwa muda mrefu, maneno yakawa makali, na hakuna aliyemsogeza mwenzake.

Septemba 2006 Debian walifanya kile ambacho GPL inamruhusu yeyote kufanya. Walichukua toleo la mwisho ambalo halikuwa na utata, wakaanzisha tawi lao lililoitwa cdrkit. Majina yakabadilishwa: cdrecord ikawa wodim, mkisofs ikawa genisoimage. Waliacha viungo vya majina ya zamani vikielekeza kwenye mapya. Ubuntu ikafuata, Fedora pia.

Sasa jiulize: mtumiaji wa K3b pale Mombasa au Eldoret aliona nini siku hiyo?

Hakuona kitu. Alibofya Choma, CD ikachomwa. Injini ilibadilishwa gari likiwa barabarani na abiria hakuamka. Iliwezekana kwa sababu mbili tu: sura na injini zilikuwa vitu viwili tofauti, na leseni ya zamani haikuweza kunyang'anywa nyuma. Msimbo uliokwisha kutolewa kwa GPL unabaki GPL, hata mwenyewe akibadilisha mawazo kesho.

Nani alishinda basi?

Ningeishia hapo mngesema uhuru umeshinda, tupige makofi. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo huwa haisimuliwi.

Toleo la mwisho la cdrkit lilitoka mwaka 2010. Waliokuwa na haki ya kuitunza walikuwa wengi, lakini waliokaa chini na raita kumi mezani wakajaribu moja baada ya nyingine walikuwa wachache mno. Schilling, kwa ukaidi wake wote, aliendelea kurekebisha cdrtools mwaka baada ya mwaka. Hata waliokuwa hawakubaliani naye kuhusu leseni walikiri kwamba anaifahamu kazi. Alifariki Oktoba 2021, na wengine wakachukua jukumu la kuendeleza programu zake.

Njia ya tatu ikapatikana kimyakimya. Kundi la libburnia, ambalo msukumaji wake mkubwa ni Thomas Schmitt, liliandika maktaba za libburn na libisofs upya, na juu yake programu ya xorriso. Hakukuwa na kelele nyingi. Lakini leo Debian inapotengeneza picha za ISO za kusakinishia, xorriso ndiyo inayozitengeneza. Hata ukiandika Linux kwenye kijiti cha USB bila kugusa CD maishani mwako, unatumia kazi iliyotokana na watu wa kuchoma CD.

Kwa hiyo nikiulizwa historia hii inasema nini, nasema hivi. Leseni huru inakupa haki ya kuchukua kazi na kuendelea nayo, na hiyo si haki ndogo. Bila hiyo kitufe kingekufa mwaka 2006. Lakini haki haijiendeshi. Tawi likikosa mtunzaji linakauka hata kama mizizi yake ni halali. Tukumbuke hilo sisi tunaopenda kubofya kitufe cha kuanzisha tawi halafu tukasahau baada ya wiki mbili...

Sasa nenda kwenye droo yako

CD zenyewe zinatuambia jambo hilohilo. MacBook Air ya mwaka 2008 ilikuja bila kiendeshi cha CD, na wengine wakafuata taratibu. Ubuntu iliiondoa Brasero kwenye usakinishaji wa kawaida kuanzia 16.04. K3b ingali hai kama sehemu ya programu za KDE, lakini tarakilishi nyingi zinazouzwa sasa hazina pa kuingizia diski.

Wakati huohuo zile CD tulizochoma miaka ile zinazeeka. Rangi inayounguzwa na leza haipendi jua wala joto. Tabaka la metali liko upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba tu, kwa hiyo mkwaruzo upande wa maandishi ni mbaya kuliko mkwaruzo upande wa chini. Ndani ya CD hizo kuna harusi, mazishi, kwaya, picha za nyanya na guka, tasnifu za watu. Mara nyingi hakuna nakala nyingine. Sote tulidhani kuchoma ni kuhifadhi, kumbe kuchoma ni nusu ya kazi tu.

Habari njema ni kwamba Linux ingali mahali pazuri pa kuziokolea. Tafuta kiendeshi cha nje cha USB, hata cha mtumba kutoka Luthuli. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha tumia GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 picha.iso picha.map
ddrescue -d -r1 -b2048 /dev/sr0 picha.iso picha.map

Mstari wa kwanza unachukua kila kinachosomeka kwa urahisi. Wa pili unarudi kwenye sehemu sugu. Faili ya picha.map inakumbuka kilichokwisha okolewa, kwa hiyo kiendeshi kimoja kikishindwa, peleka diski kwenye kingine na urudie amri ileile, itaendelea ilipoachia. Ukimaliza, weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na mwambie mtu mwingine nyumbani zilipo.

Fanya mwaka huu, usingoje. Rangi ile haisubiri mtu, na viendeshi vya kusomea vinapungua. Tukutane tena hivi karibuni, na kama kuna CD iliyokushinda, usiitupe kwanza.